Mtu Mfupi na Baisikeli ya Safari

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika sehemu yetu ya Kiswahili. Nimesikia ya kuwa chama cha baisikeli cha hapo shuleni kimekwisha changa fedha, na ya kuwa likizo ijayo wanachama watakuja huku kwetu Gisenyi, wilaya ya Rubavu, ili waifuate njia ya Kongo-Nile kandokando ya Ziwa Kivu mpaka Rusizi, mwendo wa kilomita 227 wa kupanda na kushuka. Habari hii ilinifurahisha sana. Lakini nikasikia pia ya kuwa baisikeli zote zitanunuliwa za kipimo kimoja, ili kila mtu aweze kuchukua yoyote. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Kimo changu ni sentimita 152. Walionikuta darasani watakumbuka kwamba katika picha za shule nilikaa mstari wa mbele kila mwaka, wala si kwa sababu ya maksi. Kama watoto wengi, nilijifunza kwa baisikeli ya baba, mguu mmoja umepenyezwa chini ya mtalimbo, kiwiliwili upande huu na baisikeli upande ule. Kwa mtoto huo ni mchezo. Kwa mtu mzima mwenye mizigo ni jambo jingine. Mwaka wa kwanza nilipokuja kukaa Gisenyi niliazima baisikeli ya safari ya rafiki yangu mmoja mrefu, nikashusha kiti mpaka mwisho, nikaondoka. Katika mteremko wa mawe nikakuta ng'ombe wanavuka. Nikafunga breki, baisikeli ikasimama, nikatafuta ardhi kwa mguu, ardhi haikuwapo. Nilivunjika mtulinga, na mkono ukakaa katika kitambaa wiki sita. Watu wakasema sijui kuendesha, nami nikaamini hivyo kwa muda mrefu.

Sasa siamini tena. Kiti kikishushwa, mtalimbo haushuki pamoja nacho, usukani hausogei karibu, wala mikono ya pedali haifupiki. Baisikeli kubwa iliyoshushwa kiti ni baisikeli kubwa vile vile. Kwa hiyo, nilipopata fedha kidogo, nilitafuta fremu ndogo ya chuma, kuukuu lakini nzima, nikakaa na fundi mmoja wa hapa mjini, tukachagua kila kipande kwa kufuata mwili wangu. Ningependa vijana wetu wajue tuliyojifunza.

Mambo yote huanza katika magurudumu. Baisikeli nyingi za safari huja na magurudumu makubwa, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 622. Yanafaa kwa mtu mrefu. Lakini yakitiwa katika fremu fupi, gurudumu la mbele huja karibu sana na mguu, na mtu akikata kona pole pole ncha ya kiatu hugusa tairi. Ili kukwepa jambo hilo, baadhi ya viwanda huilaza shingo ya mbele na kuusimamisha mti wa kiti. Basi katika karatasi ya vipimo baisikeli huonekana fupi, kumbe mpandaji amesogezwa mbele tu, na akirudisha kiti mahali panapofaa mapaja yake, usukani u mbali kama zamani. Nilipoteza fedha zangu mara moja kwa kuamini karatasi ya namna hiyo.

Mimi nilichagua magurudumu ya inchi 26, ambayo rimu yake ni milimita 559. Kiatu hakigusi tena. Spoku ni fupi, kwa hiyo gurudumu ni imara zaidi chini ya mizigo. Juu ya tairi ya mbele kuna nafasi ya mfuko wa usukani, na chini ya kiti kuna nafasi ya mfuko mwingine usiosugua tairi ya nyuma. Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa mbali hawalifikirii: tairi na mpira wa ndani wa inchi 26 nimevipata katika masoko ya huku bila kuuliza mara mbili. Wasemao kwamba inchi 26 ni kipimo kilichopitwa na wakati hawajapasukiwa na tairi siku ya Jumapili mbali na mji.

Jambo la pili ni mikono ya pedali, ambayo mafundi huiita krenki. Hapa ndipo watu wanaponicheka. Baisikeli nyingi huja na mikono ya milimita 170, hata fremu iwe ndogo namna gani. Mimi natumia ya milimita 155. Ukipunguza mkono kwa milimita 15, unapandisha kiti kwa milimita 15 ili mguu unyooke vile vile chini. Pedali inapofika juu, goti linapata nafasi ya milimita 30 zaidi, yaani sentimita tatu nzima. Goti halipigi tena tumbo, na nyonga hainyongeki. Maumivu ya goti niliyokuwa nikiyadhania kuwa ni ya uzee yaliondoka kabla ya mwezi kwisha.

Atakayesema huu ni ulegevu wa mtu mfupi na atazame mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika Afrika. Aliyeshinda mbio kuu za wanaume ni Tadej Pogačar wa Slovenia, mtu wa sentimita 176 hivi, na tangu mwaka 2024 anajulikana kwa kutumia mikono ya milimita 165. Ikiwa bingwa wa kimo hicho ametosheka na 165, kwa nini msichana wa sentimita 150 azungushe 170?

Kweli, mkono mfupi una hasara. Nguvu ya kusukuma hupungua kama asilimia tisa. Lakini gurudumu dogo hurudisha kiasi cha asilimia sita, na kilichobaki hudaiwa katika gia. Na gia zenyewe zinataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa maana hema halipungui uzito kwa sababu mwenyewe ni mfupi. Mtu wa kilo 80 akibeba mizigo ya kilo 18, amebeba chini ya robo ya uzito wake. Mimi nina kilo 48. Mizigo ile ile kwangu ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo nimeweka meno 24 mbele na meno 34 nyuma kwa gia ya chini kabisa. Napanda kwa mwendo wa mzee aendaye sokoni, lakini nimekaa kitini, wala sisukumi.

Najua jibu litakalotolewa. Wataniambia niwatazame vijana wa Gisenyi wanaobeba abiria na magunia kwa baisikeli kubwa za inchi 28, na wengine wao si warefu. Nawatazama kila siku, na nawaheshimu. Lakini nawaona pia wakishuka na kusukuma mlima mzima, na sijasikia hata mmoja akisema kwamba angeikataa baisikeli iliyomfaa. Ng'ambo ya mpaka, Goma, kuna chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo. Hicho hakina kiti wala pedali, basi humfaa mrefu na mfupi sawasawa. Baisikeli haina bahati hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Usukani uwe na upana wa mabega, wangu ni sentimita 38. Mikono ya breki iwe na skrubu ya kuisogeza karibu na vidole. Mteremko wa kushukia ziwani ni mrefu, na kiganja kidogo kinachonyooshwa kupita kiasi huchoka kabla ya kufika chini. Pembetatu ya fremu ndogo haina nafasi ya chupa mbili kubwa za maji, kwa hiyo mimi nimefunga moja kwenye uma wa mbele. Tairi za mtu mwepesi zisijazwe upepo mpaka ziwe kama jiwe. Na wala msimnunulie mtu mfupi baisikeli ya mtoto mkadhani mmemfadhili: nyingi ni nzito, na keria yake haikutengenezwa kwa mizigo ya siku kumi.

Basi ombi langu kwa chama ni hili. Kabla ya kuagiza, kila mwanachama asimame pekupeku, mgongo ukutani, abane kitabu kigumu katikati ya miguu na kukivuta juu mpaka kifike mwisho, halafu mwenzake apime kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Nambari hiyo iandikwe karibu na jina lake, na baisikeli ziagizwe za vipimo viwili au vitatu kwa kuifuata. Najua zitakuwa ghali kidogo kuliko za kipimo kimoja. Ikiwa fedha hazitoshi, afadhali safari ingoje likizo nyingine kuliko kuwaacha wafupi nyumbani, au kuwaleta huku juu ya baisikeli kama ile niliyoazima mimi.

Wakifika Gisenyi watanikuta. Spana ninazo, na mpira wa ndani wa inchi 26 upo ukutani.

Mwanafunzi wa Zamani,
Gisenyi