Miaka Saba Si Siku ya Mavuno



Kuna neno moja limeenea katika nchi yetu mpaka watu wengi hudhani ndiyo sheria. Neno hilo lasema hivi: mume na mke wakiachana, mama akae na mtoto mpaka atimize miaka saba, akishatimiza, baba aje amchukue, maana mtoto ni wake. Twalisikia vijijini, twalisikia mijini, na kwa masikitiko twalisikia hata vinywani mwa viongozi wa matawi wanaoombwa shauri na wananchi. Leo twataka kusema waziwazi kwamba neno hilo si sheria ya nchi, na madhara yake yawaangukia watoto wasio na kosa lolote.

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, yasema kwamba hakimu anapoamua mtoto akae na nani, jambo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto huyo. Baada ya hilo ndipo hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii yao. Kuhusu miaka saba, sheria yasema tu kwamba mtoto aliye chini ya umri huo hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ushahidi ukionyesha vingine. Tena yamkumbusha hakimu kwamba si vema kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi, ni hayo tu. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba siku ya kutimiza miaka saba mtoto afungiwe mzigo wake apelekwe kwa baba. Akifika umri huo swali hubaki lile lile: ni wapi atakapopata malezi mema?

Neno hili basi limetoka wapi? Sehemu yake ni kuisikia sheria nusunusu. Sehemu nyingine imetoka katika desturi za makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilitamka kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Hatuwatukani wazee wetu. Mzee aliyesema "huyu ni mwanangu" alijua kwamba kwa neno hilo amejitwika kumlisha, kumvika na kumpa mahali pa kulima. Wanaume wengine wa leo wameitupa ile nusu ya desturi yenye wajibu, wakashika ile yenye madai.

Twajua mambo yaendavyo. Baba huondoka mtoto akiwa bado mgongoni. Mwaka wa kwanza hapeleki hata kanga, wala wa pili, wala wa tatu. Mtoto anapougua, mama hukopa. Lakini mtoto akianza kuweza kuchota maji na kuchunga mbuzi, baba hutokea na wazee wawili, adai "haki yake". Huyo hakuja kulea, amekuja kuvuna shamba asilolilima.

Na liko dhara lililo kubwa zaidi, ambalo halionekani upesi. Mama wengi hawaendi kudai matunzo kwa sababu wanaogopa. Hujisemea moyoni: nikimchokoza, atamchukua mtoto. Hivyo uongo huu wa miaka saba wawalinda wasiolipa. Mama hunyamaza ili asinyang'anywe mtoto, na kimya chake ndicho kinachomnyima mtoto daftari, viatu na chakula.

Ndugu, haya ni mambo mawili mbalimbali. Sheria ya Ndoa yamwamuru baba kuwatunza watoto wake kwa mahali pa kulala, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake, wawe wanakaa naye au wanakaa kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, yaongeza kwamba mtoto ambaye wazazi wake wameachana ana haki ya kupata matunzo na elimu ya hali ile ile aliyokuwa nayo kabla hawajatengana. Wako wanaosema, "Sitoi fedha zangu kumlisha mwanamke aliyeniacha." Fedha hizo si za mwanamke. Ni za mtoto, na mtoto hakumwacha mtu.

Akina mama nao wasikie. Sheria hiyo ya 2009 yampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasiharibike. Mama anayemficha mtoto ili kumkomoa baba humwumiza mtoto yule yule. Na mahakama inapopima matunzo hutazama mapato ya wazazi wote wawili.

Tena sheria isiyoangaliwa huoza. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1949 juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mpaka ilipofutwa mwaka 2009, ilikuwa bado na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Miaka 48 baada ya Uhuru, mtoto wa Tanzania alikuwa angali akipimiwa kwa kibaba cha mkoloni! Nasi tujihadhari. Amri ya matunzo iliyotolewa miaka mingi iliyopita, wakati unga na sare za shule vilipokuwa rahisi, yaweza kurudishwa mahakamani ibadilishwe.

Kazi ya matawi ni nini? Kila tawi liisome sheria hii katika mkutano wake, kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa. Kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, kwa kawaida hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi. Wanachama wetu wanaoketi huko wasianze na mahari na vyombo vya nyumbani, waanze na watoto: watalala wapi, watasoma wapi, nani atalipa nini. Mama anayeogopa mahakama asindikizwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Na mtu akija kuomba tumchague awe kiongozi, tumwulize watoto wake wako wapi na wanakula nini. Asiyeweza kujibu swali hilo asipewe dhamana ya watoto wa wenzake.