Milksheki kali Dar iko wapi? Jibu la mtoto wa Singida

Najua nimepotea sana. Nilikuwa Dar kwa fildi wiki nane, kurudi tu semista ikaanza, mara test, mara UE. Juzi nimemaliza karatasi ya mwisho, nimelala mpaka mgongo ukauma, leo nalipa deni.

Deni lenyewe ni swali. Tangu nirudi hapa chuo Singida, kila mshikaji akiniona ananiuliza: "Eti, milksheki kali Dar ni wapi?" Wengine wanaenda fildi mwaka huu, wanataka kupangilia bumu mapema, teh teh. Haya, sikilizeni. Nimekunywa kwa hela yangu, nina haki ya kuongea.

Kwanza tuwekane sawa. Milksheki siyo juisi yenye rangi ya maziwa. Hii tunayoijua leo wanasema ilipatikana Marekani mwaka 1922, pale Ivar Coulson wa duka la Walgreens, Chicago, alipotia aiskrimu kwenye kinywaji baridi cha maziwa na kimea. Kwa hiyo uzito wa glasi unatakiwa utoke kwenye maziwa na aiskrimu. Ukiona imejaa barafu iliyosagwa, ndugu yangu, umenunua maji.

Na maji niliyanunua. Siku ya hela ya kwanza ya fildi niliingia sehemu moja ya kiyoyozi, jina naliacha. Shilingi 9,000. Glasi ndefu, krimu juu, mrija mnene, picha nikapiga. Dakika kumi imeisha, chini imebaki barafu na sharubati ya stroberi ya chupa. Nikatoka na kiu kuliko nilivyoingia.

Jioni ile nikampigia mama kijijini, kule Ikungi. Shikamoo, marahaba mwanangu, umekula? Nikasema nimekula. Akaanza habari zake: kiangazi kimekaza, majani hakuna, ng'ombe wawili wanatoa lita tatu kwa siku wote kwa pamoja, mbili anauza, moja ya nyumbani. Lita anauza 1,500. Wadau, hesabu tunazosoma huku siku hiyo ziliniumiza. Glasi yangu ilikuwa lita sita. Mama anauza siku tatu ili mimi ninywe barafu dakika kumi! Na ada ya semista ya kwanza ilitoka kwenye maziwa hayohayo. Nikakata simu nimenyong'onyea kabisa.

Sisemi msinywe. Mimi mwenyewe niliendelea, ila kwa akili. Msimamo wangu ni huu: kabla hujalipa, tazama maziwa yanatoka wapi. Kama wanayamimina mbele yako, kaa. Kama blenda iko nyuma ya pazia na menyu ina rangi ishirini, aga vizuri uondoke.

Kwa kigezo hicho, jibu langu ni Kisutu, mjini kati, kwenye vimgahawa vya Kihindi. Wala siyo milksheki wadau, ni lassi. Ni mtindi unaopigwa na maji kidogo na sukari, wengine wanatia embe, basi. Glasi fupi ya bati, baridi, nzito, bei chini ya nusu ya ile ya kiyoyozi. Nilipopiga fundo la kwanza nikacheka peke yangu. Si mtindi wa mama huu! Tofauti ni friji na blenda tu.

Sisi wa huku mtindi hatukuuanza kwa mapozi. Ng'ombe wetu wa kienyeji hatoi maziwa mengi, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na vijijini friji zilikuwa hakuna. Maziwa yakikaa yanaharibika, basi yanagandishwa kwenye kibuyu. Tena yakiganda, wale bakteria wanakula sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana mtu anayeumwa tumbo akinywa maziwa freshi mara nyingi mtindi haumsumbui. Rumeti wangu ni shahidi. Milksheki ilimkimbiza chooni, mtindi anakunywa nusu lita na anaomba tena.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mkoa wa Singida una mifugo mpaka unasimamisha basi kupisha ng'ombe, halafu nenda kwenye baadhi ya migahawa yetu uagize chai ya maziwa: unaletewa kopo la maziwa ya unga. Mtindi upo, lakini unauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, wa moto, kama kitu cha kujificha. Halafu tunaulizana milksheki ya Dar, karibu kilometa 700 kutoka hapa!

Januari, maembe yalipojaa sokoni, mimi na rumeti tulijaribu. Mtindi lita mbili, maembe manne, asali ya Itigi vijiko vitano, blenda ya kuazima. Umeme ukakatika katikati, tukamalizia kwa mwiko. Ikatoka na mabonge, lakini hosteli nzima ilikuja na vikombe. Mmoja akauliza tunauza bei gani. Hatukuwa na bei, tukabaki tunatazamana.

Semista ijayo tutakuwa nayo. Maziwa tutanunua kwa mama, kwa 1,500 yake, bila kumpunguzia hata senti. Anayetaka kuchangia blenda, chumba changu mnakijua.

Nawasilisha.