Mgonjwa wa Akili na Sahihi ya Jamaa

Msomaji, yamkini haitapita miaka mingi kabla hujaitwa katika baraza la jamaa zako. Wazee watakuwa wameketi juu ya viti, akina mama mkekani, na jambo lenyewe litasemwa kwa sauti ya chini ili majirani wasilisikie. Ndugu yenu mmoja ameugua akili. Halali usiku, anasema peke yake, ameacha kazi au ametoroka shule. Wewe utaitwa kwa sababu umesoma. Pengine utapewa karatasi ya hospitali uwafasirie wazee, kisha mmoja wao atauliza mahali pa kutia sahihi ni wapi. Insha hii naiandika kwa ajili ya dakika ile, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Neno langu ni moja, wala sitalificha. Jamaa wa mgonjwa wa akili wana haki ya kufuatana naye katika njia nzima ya matibabu yake. Hawana haki ya kumtoa kama mtu atoavyo mbuzi zizini. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Hudhani kuwa aliyetia sahihi amekwisha kutimiza wajibu wake, na kwamba yatakayofuata ni kazi ya daktari na majaliwa. Mimi nasema kuwa baadhi ya mabaya makubwa kabisa katika historia ya matibabu ya akili hayakufanywa na madaktari peke yao. Yalifanywa na madaktari walioombwa na jamaa, wakapewa ruhusa na jamaa, na mara nyingine wakashukuriwa na jamaa.

Mwaka 1935, katika mji wa Lisbon nchini Ureno, daktari aitwaye Egas Moniz alianzisha tiba ya kutoboa fuvu la mgonjwa wa akili na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mwaka uliofuata Walter Freeman na James Watts waliichukua tiba hiyo Marekani, wakaiita lobotomia. Mwaka 1949 Moniz alipewa Tuzo ya Nobel. Kabla hujawacheka watu wa zama zile, kumbuka hali yao. Hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa zimejaa pomoni, na klopromazini, dawa ya kwanza iliyotuliza wazimu mkali kwa kweli, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa hao mwaka 1952 tu. Mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele usiku na mchana aghalabu alitoka katika upasuaji akiwa kimya, na kimya kile kilihesabiwa kuwa uzima. Lakini kilikuwa faraja ya nani? Muuguzi alipumzika, mume alipumzika, mama mkwe alipumzika. Mwenye kichwa hakuulizwa. Mwaka 1946 Freeman, ambaye hakuwa mpasuaji kwa elimu yake, alianza kutumia njia ya mkato: chuma chembamba mfano wa kile cha kuvunjia barafu kilipitishwa juu ya jicho, kikapigwa nyundo mpaka kikapenya mfupa, kisha kikazungushwa ndani. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Watu waliopita mikononi mwake walizidi 3,000, na ni mwaka 1967 tu, baada ya mgonjwa wake mmoja kufa kwa kuvuja damu ubongoni, ndipo alipozuiwa.

Sasa mtazame baba mmoja. Joseph Kennedy alikuwa tajiri wa Marekani, naye alipata kuwa balozi wa nchi yake Uingereza. Watoto wake walikuwa tisa, na mmoja wao, John, alikuja kuwa Rais mwaka 1961. Binti yake mkubwa, Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mzito wa kujifunza. Alipopita umri wa miaka ishirini alianza kuwa mwepesi wa hasira, na usiku akawa anatoroka katika nyumba ya watawa alimowekwa. Baba akaogopa. Alimwogopea binti yake, hapana shaka. Lakini aliliogopea pia jina la nyumba yake, na hofu hizi mbili zikikaa katika moyo mmoja, ni vigumu kujua ni ipi inayoshika kalamu. Mwezi wa Novemba 1941, Rosemary akiwa na miaka 23, Freeman na Watts walimpasua. Wanaoandika habari za nyumba hiyo wasema kuwa mama yake hakuarifiwa mpaka jambo lilipokwisha. Rosemary aliingia akitembea na kuzungumza. Alitoka hawezi kutembea wala kusema sawasawa, akafundishwa upya kama mtoto mchanga. Akapelekwa mbali, na kwa muda wa miaka karibu ishirini ndugu zake walikaa bila ya kumwona. Walianza kumrudia baada ya baba yao kupooza, mwaka 1961. Alikufa mwaka 2005, ana miaka 86.

Angalia kuwa katika mambo haya hapakukosekana fedha, wala madaktari wenye sifa. Wala sidiriki kusema kuwa hapakuwa na upendo. Dada yake Eunice, kwa mfano, ndiye aliyeanzisha mwaka 1968 michezo ya Olimpiki Maalumu, ambayo hata vijana wa Kenya hushiriki. Alikosekana mtu mmoja wa kuketi na Rosemary na kumwuliza yeye mwenyewe ataka nini.

Huyo alikuwa binti wa tajiri. Mtoto Howard Dully, wa California, hakuwa mwana wa mtu mashuhuri. Mama yake wa kambo alimwendea Freeman akamweleza kasoro zake: kijana hataki kwenda kulala, huzama katika mawazo mchana, huwasha taa na jua liko nje. Msomaji, je, wewe hujapata kuzama katika mawazo darasani mpaka mwalimu akakugutusha? Kwa makosa ya namna hiyo, mwezi wa Desemba 1960, Howard alipigwa chuma juu ya macho yote mawili. Umri wake ulikuwa miaka 12. Baba yake alikuwa amekubali. Howard aliishi, akaajiriwa kuendesha basi, na alipokuwa mtu mzima alikwenda kumwuliza baba yake kwa nini alikubali. Mazungumzo hayo yalisikika redioni mwaka 2005. Mzee alijibu kuwa alivutwa na mkewe na daktari. Jibu hilo ni dogo mno kwa swali lililongoja zaidi ya miaka arobaini, lakini ndilo jibu la kweli la kila mtu atiaye sahihi ili nyumba itulie.

Utasema kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo. La hasha. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na toka 1938 mpaka 1950 iliongozwa na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kuwa Mwafrika wa kawaida, mzima asiye na ugonjwa wowote, afanana na Mzungu aliyekwisha kukatwa ubongo kwa tiba hii niliyoieleza. Soma tena sentensi hiyo polepole. Babu yako, aliyehukumu mashauri ya ardhi kwa kukumbuka mipaka ya vizazi vitatu, alihesabiwa kuwa sawa na mtu aliyetolewa mezani kwa mpasuaji. Sehemu kubwa ya aliyoyaona daktari huyo aliyaona wodini, mbali na nyumbani kwa wale aliowaeleza. Mtu akitengwa na wanaomjua, huelezwa na asiyemjua, naye huelezwa apendavyo mwelezaji.

Lakini tusijisifu mapema, maana na sisi tuna yetu. Nilipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba ya jirani mmoja palikuwa na chumba cha udongo kisicho na dirisha, na ndani yake kijana aliyefungwa mguu kwa mnyororo kwenye gogo. Mama yake alimpelekea chakula kabla ya alfajiri, watu wasimwone. Simlaumu mama yule. Alikuwa peke yake, na kijana alipofunguliwa alikimbilia barabarani penye malori. Nawalaumu ami zake watano waliokutana siku moja, wakakubaliana afungwe, wakala wali na nyama vya mkutano, kisha kila mtu akashika njia yake. Nao pia walitia sahihi, ijapokuwa hapakuwa na karatasi. Kijana alikuwa ameacha shule akiwa karibu kumaliza, na kila mtoto aliyepita karibu na ukuta ule alimwuliza kama shule zimefunguliwa.

Wapo wasomi wanaosikia habari kama hizi wakasema: madhali jamaa ndio wanaowaponza wagonjwa, basi na wawekwe kando, mgonjwa abaki na daktari na sheria. Maneno hayo yana sura ya haki, lakini yamekosa macho. Siku ya kutoka hospitali mgonjwa atarudi kwa nani? Nani atakayeona kuwa vidonge havimezwi, kwamba usingizi umeanza kupotea tena, kwamba anacheka pasipo na mzaha? Daktari humwona kwa dakika chache. Mama humwona kila siku. Jamaa waliozuiwa mlangoni hupoa, na wakishapoa huzoea kuishi bila ya mtu wao.

Afrika ilikwisha kujibu jambo hili zamani. Mwaka 1954 Dkt. Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyesomea udaktari Birmingham, alianza kazi katika hospitali ya Aro, nje ya mji wa kwao wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote ndani ya kuta, alipatana na wenyeji wa vijiji vya karibu ili wagonjwa wapangishwe katika nyumba za wakulima. Akaweka sharti: mgonjwa asije peke yake. Aje na jamaa mmoja walau, mama au dada, kaka au shangazi, akae naye, ampikie, amfulie nguo, amfikishe hospitali asubuhi na kurudi naye alasiri. Matibabu ya hospitali yalikuwa yale yale ya wakati huo, dawa na hata umeme. Tofauti ilikuwa kwamba aliyetibiwa alilala usiku karibu na mtu ajuaye jina lake la utotoni. Baadaye Lambo alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililochapa kitabu cha Carothers.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa kuwa nimelisikia katika mabaraza ya watu maskini, nami sina dharau nalo. Nani ataacha shamba wakati wa palizi? Nani ana nauli ya kwenda mjini kila juma? Kweli, mtu mmoja hawezi. Mara nyingi mzigo wote huachiwa mwanamke mmoja, mama au dada asiyeolewa, mpaka naye akaugua. Lakini ndugu wale wale wanaosema hawana nauli hukodi basi zima kwenda arusini, na mazishi yakitokea huchanga katika siku mbili. Watu kumi wakishika zamu, kila mmoja ana siku tatu katika mwezi. Hesabu hii haihitaji mwalimu.

Wala nisieleweke kuwa napinga kila tiba yenye jina la kutisha. Tiba ya umeme ilianza Rome mwaka 1938, kwa mikono ya Cerletti na Bini. Siku za kwanza ilitolewa bila ya dawa ya usingizi, na wagonjwa wengine walivunjika mifupa kwa mtukutiko wa mwili. Leo inapofanywa ipasavyo, mgonjwa hulazwa usingizi na misuli yake hulegezwa, na watu waliokuwa wameacha kula na kutaka kufa kwa huzuni nzito wamepata kuinuka kwayo. Ina gharama yake pia, kwa maana kumbukumbu za siku za karibu na matibabu zaweza kupotea. Jamaa anayeikataa kwa kuwa alisikia hadithi humdhulumu mgonjwa sawasawa na yule anayeikubali bila ya kuuliza.

Kwa hiyo, karatasi itakapowekwa mbele yenu, usiwe mfasiri wa maneno tu. Mwulize daktari tiba hii itafanya nini, itaharibu nini, na kama ikishindwa mgonjwa ataweza kurudi alivyokuwa. Ubongo uliokatwa haurudi. Kidonge chaweza kubadilishwa. Waulize wazee ni nani atakayelala hospitali usiku wa kwanza, na nani wa pili, na majina yaandikwe kabla ya sahihi. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Basi mzee akikwambia kuwa mwenda wazimu hana la kusema, umjibu kwa adabu kuwa sheria ya nchi haisemi hivyo. Kisha ondoka barazani, uende chumbani alimo ndugu yako, uketi, umwulize mwenyewe. Huenda akakujibu ovyo. Huenda akanyamaza. Huenda pia akasema neno moja lenye maana katikati ya mia yasiyo na maana, na usipokuwapo hakuna atakayelisikia.

Kijana yule wa chumba cha udongo aliniuliza mimi pia, mara nyingi, kama shule zimefunguliwa. Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimevaa sare na nimebeba vitabu. Kila mara nilikimbia.