Mbotela wetu mbona hasomwi?

JICHO LA KISAUNI
Na Mwanaisha Salim

Mwaka 1930 mwandishi Mfaransa Joseph Kessel alitumwa na gazeti la Le Matin kufuatilia biashara ya watumwa iliyokuwa ikiendelea Uhabeshi na kando ya Bahari ya Shamu. Mwaka 1958 alitoa Le Lion, riwaya ya msichana na simba wake kule Amboseli, na miaka minne baadaye Akademia ya Ufaransa ikamchagua. Wenzetu hawamwachi mwandishi wao akapotea hivi hivi.

Sisi je? James Mbotela hakuhitaji kutumwa na gazeti kuutafuta utumwa. Baba yake alitekwa bara, akapakiwa jahazini, manowari ya Waingereza ikamwokoa, akaja kukaa hapa Freretown, kijiji cha wamisheni kilichoanzishwa 1875. Mwana akayaandika hayo katika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London mwaka 1934. Wako wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Wengine husema ni historia. Mimi naona ni vyote viwili, na ndiyo raha yake.

Makondakta wa matatu wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa nzima, na abiria wanashuka hapo kwenye njia panda. Mnara upo, kengele ipo. Iliwekwa iwatahadharishe waliokombolewa, wafanyabiashara ya watumwa wakija kuwateka tena. Muulize kijana anayeshuka hapo kama amewahi kusikia jina la Mbotela. Atakutajia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa zamani wa "Je, Huu ni Ungwana?", aliyezaliwa papa hapa Freretown.

Najua lawama zinazokiandama kitabu hiki. Kinamtwika Mwarabu mzigo wote na kumsifu Mwingereza kupita kiasi, na lawama hizo ni za haki. Himaya ya Waingereza ilitangazwa 1895, lakini hapa pwani utumwa ulibaki halali kisheria mpaka 1907. Miaka kumi na miwili mtumwa alikuwa mtumwa chini ya bendera ya huyo mkombozi wake! Hata hivyo, kasoro hiyo si sababu ya kukiacha kitabu kiliwe na mchwa. Ni sababu ya kukisoma kwa kubishana nacho.

Walimu wa Kiswahili wa Kisauni, nawaomba: kitafuteni muhula ujao, mkisome na wanafunzi wenu, na huo mwaka 1907 muuandike ubaoni.