Machozi hayalipi deni

Jumapili kama leo makanisa ya Kisumu hufurika. Kuanzia Kondele hadi Nyalenda ngoma hulia, watu hupiga magoti na wengine hububujikwa na machozi. Lakini kesho asubuhi sokoni Kibuye, mchuuzi yule yule aliyelia madhabahuni huenda akawapimia wateja omena kwa gorogoro iliyobonyezwa kitako. Je, alitubu huyo?

Swali hili si geni kandokando ya ziwa letu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi kilimani Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja. Uamsho uliofuata ulienea Afrika Mashariki, na kufikia mwaka 1938 ulikuwa umeingia Maseno, pale wamishonari wa CMS walipoanzisha shule mwaka 1906.

Ndugu wa uamsho walisimama hadharani wakaungama dhambi zao. Tena hawakuishia hapo. Aliyeiba alikirudisha kitu kwa mwenyewe. Mwenye deni alilipa. Waliokosana walitafutana na kuombana msamaha. Hata jirani asiyekanyaga kanisani, akirudishiwa jembe lake, atabisha nini?

Hata hivyo, kuungama nako kwaweza kugeuzwa rungu la kumpigia mwenzio. Baadaye wana uamsho wa Nyanza waligawanyika: hawa Joremo, yaani watu wa damu, wale Johera, watu wa upendo. Nani ameokoka kweli? Swali hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyowatenganisha. Mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walitoka katika Kanisa la Anglikana wakaanzisha Church of Christ in Africa.

Wahenga walinena kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Basi ushahidi wa toba tuudai kwanza kwetu wenyewe. Zakayo, mtoza ushuru, hakungoja kupekuliwa. Aliahidi mwenyewe kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Injili haituambii kama alilia. Inatuambia alichoahidi kulipa.

Nanyi wazazi, kijana wenu akirudi kutoka chuoni akauliza, "Ushahidi wa imani yenu uko wapi?" msimfokee. Tomaso naye alitaka kuona na kugusa, na Bwana wake hakumfukuza. Huenda kijana huyo hatafuti hoja nzito za vitabuni. Anaitazama gorogoro yenu. Anasikia mnavyomsemesha yaya. Anajua kama karo ya mdogo wake ililipwa au iliishia kwenye baa.

Nawe mwanafunzi, usicheke. Kitabu cha maktaba ulichokificha chini ya godoro nacho kinakungoja.

Leo kabla ya kulala, kumbuka mtu mmoja unayemdai Mungu akusamehe juu yake. Kesho mpelekee kilicho chake. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.