Livingstone Hakujibeba



Wapendwa waamini, mwulize mtoto wa katekesi kuna nini Kwihara, hapa nje ya mji wetu wa Tabora, naye atakujibu kwa neno moja: Livingstone. Simlaumu. Ndivyo tulivyomfundisha, na ndivyo tunavyotamani watalii wasikie, tukiionea wivu Bagamoyo kwa wageni wake.

Ni kweli, Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha bila Stanley hadi Agosti, akingoja. Akingoja nini? Wapagazi kutoka pwani! Pasipo wao asingeondoka. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la biashara ya utumwa na pembe za ndovu. Utumwa ulikuwapo, na ole wetu tukiuficha. Lakini maelfu ya Wanyamwezi walipita humo wakiwa watu huru, wenye ujira, kila mmoja na mzigo upatao frasila mbili, yaani kama kilo 32. Hao hawamo katika jina hilo.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake waliukausha mwili wake, wakaubeba. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Kuzika wafu ni tendo la huruma, nao walilielewa tendo hilo kuliko afisa yule. Susi, Chuma na wenzao waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukalazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. (Mnara wa misheni ile unaitwa jina la nani? La maiti, si la waliombeba.)

Wapo watakaoniambia: Padre, mtalii hulipia jina analolijua. Sawa, alipie. Ila akishalipa na kuingia, ni nani anayetuzuia kumtajia majina asiyoyajua? Hakuna. Ni uvivu wetu.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, vijana wanaosindikiza wageni wabaki ukumbini. Nanyi wazee wetu, ambao mababu zenu walikwenda pwani na mizigo, njoni na majina yao. Daftari ninalo.