NESI SI MGAWA VIDONGE



Siku hizi yaletwa mezani kwetu malalamiko ya namna moja, tena si mara moja wala mbili. Wenzetu wasema kwamba manesi wa zahanati wanajifanya madaktari. Mmoja alikwenda na karatasi iliyoandikwa na daktari mwenyewe, akitaka vidonge vyake vya moyo apate kurudi kazini. Sista akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa dakika nzima, kisha akasema dawa ya leo hampi mpaka amwulize daktari. Ndugu yetu alikasirika sana, na sasa ataka chama kiandike barua ya kumshtaki.

Barua hiyo hatutaiandika, na yafaa tueleze sababu.

Iko dawa ya moyo iitwayo digoksini. Moja katika kazi zake ni kutuliza moyo unaokwenda mbio ovyo. Ni dawa njema, lakini kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Kwa hiyo manesi hufundishwa kuhesabu mapigo dakika nzima kabla ya kuitoa, na kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, huizuia na kumwita daktari. Huuliza pia kama mgonjwa amekosa hamu ya chakula, kama atapika, kama macho yake yaona vitu kwa rangi ya manjano, kwa maana hizo ni dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Karatasi iliandikwa siku zilizopita. Moyo ulio mbele ya sista ni wa leo.

Sisi watu wa reli ndio tungepaswa kuelewa haya upesi kuliko wote. Ratiba yasema treni iondoke saa fulani, nayo ratiba imetoka kwa wakubwa. Je, gadi akiona breki hazishiki, atapunga bendera ya kijani kwa sababu imeandikwa? Hakuna mwanachama atakayemsifu kwa utii wake.

Kazi ya nesi huanza kwa kutazama. Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza aliyeuguza askari katika vita vya Crimea, alitoa kitabu juu ya uuguzi mwaka 1859, na sura nzima ndani yake ni ya kumtazama mgonjwa. Mama akileta mtoto anayekohoa, nesi mwenye akili hakimbilii chupa. Humfunua kifua, akangoja atulie, akahesabu pumzi dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, nesi hushuku nimonia. Lakini mtu aliye nyuma katika foleni aona nesi ameketi tu akitazama tumbo la mtoto, naye asema, huyu anaota!

Halafu kuna hatari ya mwandiko. Mgonjwa wa kisukari huandikiwa insulini kwa uniti, na wako walioandika herufi U badala ya neno zima. 4U iliyoandikwa kwa haraka yaweza kusomwa 40, na kipimo hicho mara kumi chaweza kumwangusha mtu asiamke tena. Nesi anayesita akauliza "hii ni nne au ni arobaini?" hamdharau daktari. Ndiyo sababu pia sista hukuuliza jina lako leo ingawa alikuuliza jana. Hajakusahau, ahakikisha mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na saa ndiyo. Shirika la Afya Duniani liliona jambo hili kuwa zito hata Machi 2017 likaanzisha kampeni ya nchi zote ili madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuiwa yapunguzwe kwa nusu katika miaka mitano.

Jambo la tatu ndilo latugusa zaidi, nalo ni kufundishwa. Dawa ikiwa ya kumezwa mara tatu kwa siku, nesi mwenye haraka husema "meza kila saa nane." Katika Kiswahili chetu saa nane ni mchana baada ya chakula, au usiku wa manane. Mtu aweza kwenda zake akameza saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, akidhani ametii. Vivyo hivyo kijiko: cha chai ni mililita 5, cha mezani ni 15, na mtoto aliyeandikiwa cha kwanza akapewa cha pili amepata mara tatu. Aliye na kifua kikuu hupewa rifampisini, ambayo hugeuza mkojo uwe rangi ya machungwa. Asipoambiwa mapema, aona kama damu, aogopa, aacha matibabu ambayo kwa kawaida ni ya miezi 6, na ugonjwa warudi ukiwa sugu, ukawaingia na majirani wa landhi. Nesi mzuri humwambia mgonjwa arudie maagizo kwa kinywa chake, kama ujumbe wa simu unavyorudiwa neno kwa neno kabla treni haijaingia njia moja.

Kwa nini basi wengine hutupa vidonge dirishani bila neno? Mara nyingi ni kwa sababu nesi ni mmoja na foleni imefika barabarani. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Fedha hiyo inunue vidonge, sawa, lakini inunue pia dakika za nesi. Manesi wa kaunti walipogoma tangu Juni hadi mwanzo wa Novemba 2017, wakidai mapatano yao ya kazi yatiwe sahihi, wako wafanya kazi wenzao waliowatukana. Twaona haya kulikumbuka.

Zahanati zinazotuhudumia zahitaji nesi wa pili saa za asubuhi, na chumba chenye mlango, kwa kuwa hakuna mtu atakayekiri pombe yake au dawa zake za mitishamba mbele ya foleni nzima. Nanyi wanachama, mwendapo, chukueni dawa zote mnazotumia katika mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za mganga, na mwambieni sista kama mko zamu ya usiku, ili awapangie saa za kumeza.

Makatibu wa matawi walete ofisini hesabu ya juma moja: manesi wangapi, wagonjwa wangapi kila asubuhi, na wangapi walitoka bila kuelezwa dawa zao. Tutakwenda nayo kwa mabwana wa afya.